Picha Zenye Ngazi

Dirisha la Bohari ya Umma lilikuwa nyuma ya jengo, upande ambao magari hayaegeshwi. Chini yake palikuwa na ubao wa kuwekea viwiko, nao ulikuwa umelika katikati mpaka ukafanya kibonde, maana kila aliyefika pale alikuwa na kitu cha kuegemeza. Mwenye magongo aliegemeza magongo. Asiyeona aliegemeza fimbo. Asiyesikia aliegemea mwenyewe, akaandika haja yake kwenye daftari lililofungwa kwa kamba ya katani. Ndani alikaa mama mmoja mnene, miwani yake imeunganishwa kwa gundi, tukimwita Mama Dirisha. Alikuwa hasubiri uagize.

"Wewe mpira wa gongo la kulia, siyo? La kushoto hulikanyagi, unaringa nalo tu."

Akageuka, akavuta droo, akakupa. Mipira ya magongo, matairi ya viti vya magurudumu, betri za vifaa vya kusikia, fimbo nyeupe, karatasi nene za nukta nundu: vyote vilitoka dirishani hapo kwa bei ambayo mtu wa kawaida anaimudu. Madukani mjini vitu hivyo ama havipo, ama vipo kwa ajili ya matajiri.

Siku moja tukakuta karatasi imebandikwa. Dirisha litafungwa, Bohari inahamia mtandaoni, kila mtu ataagiza kwa simu au kompyuta na mzigo utamfuata kwake. Watu walipiga kelele, na fundi viatu wa mtaani kwetu, anayetembea kwa magongo mawili, ndiye aliyepiga nyingi zaidi. Wakubwa wa Bohari wakaona wasije wakaandikwa magazetini, wakatoa ahadi. Duka la mtandaoni litajaribiwa kwanza na watu watatu wenye ulemavu, mbele ya meneja. Wote watatu wakinunua bila kukwama, dirisha linafungwa. Hata mmoja akikwama, dirisha linabaki wazi mpaka duka lirekebishwe. Waliteuliwa fundi viatu, dada mmoja mshonaji asiyesikia, na mjukuu wangu.

Mjukuu wangu haoni tangu kuzaliwa. Nimemlea mimi tangu ana miaka mitatu, mama yake alipoolewa upya mji mwingine. Sasa ana miaka ishirini na sita, anapokea simu hospitali, na sauti yake wagonjwa wanaijua kuliko ya daktari. Mimi na yeye tunaitana mke mwenzangu, kwa utani wa babu yake.

"Mke mwenzangu, chai yangu iko wapi?"

"Muulize mume wako."

"Mume alishatuacha wote wawili, tunagombania nini tena?"

Ndivyo tulivyoishi. Ila kulikuwa na sheria moja ndani ya nyumba, aliyoiweka yeye akiwa darasa la nne: usihamishe kitu, na usinifanyie ninachoweza. Sheria hiyo ilinitesa. Mtoto akiwa na miaka mitatu, mkono wangu ulikuwa mbele yake saa zote. Nikisogeza kikombe kisianguke. Nikitoa mwiba kwenye samaki kabla hajaugusa. Nikifunga kifungo alichokwisha kukishika mwenyewe. Mkono ukishazoea, kichwa hakiuwezi. Hata alipokuwa mtu mzima, mshahara wake mfukoni, nilikuwa naona kikombe kiko karibu na ukingo wa meza, nakisukuma ndani kidogo tu. Anapeleka mkono pale alipokiacha, anakuta hewa.

"Bibi."

"Naam."

"Kikombe kina miguu?"

Nakirudisha kilipokuwa.

Miezi miwili kabla ya siku ya majaribio alikuwa akilifungua lile duka nyumbani, kwenye kompyuta aliyopewa kazini. Kompyuta yake inasema. Ndani yake kuna sauti ya mwanamume inayosoma kila kilichoandikwa kwenye kioo, haraka haraka na kwa puani, nasi tukamwita Bwana Pua. Yeye hatumii kipanya, anabonyeza vitufe vya kibodi tu na kumsikiliza Bwana Pua. Siku za mwanzo Bwana Pua alikuwa hana la kusema. "Picha. Picha. Kitufe. Kitufe. Picha."

"Unasikia, Bibi? Huyu ni kama mtu anayekupeleka sokoni, ukimuuliza hiki nini anakwambia kitu. Na kile je? Kitu."

Tulicheka, lakini hakuishia kucheka. Aliandika kasoro moja moja. Picha hazina maelezo. Vitufe havina majina. Kikapu kikijaa hakisemi kimejaa. Sehemu ya kuandika anwani inamrudisha juu kila akimaliza. Alizihesabu thelathini na moja, akampelekea fundi wa kompyuta wa Bohari, kijana mpole wa sauti ndogo. Na fundi huyo, nitasema ukweli wake, alifanya kazi. Kila wiki alipiga simu. "Dada, jaribu tena pale kwenye kikapu." Anajaribu. "Sasa kinasema?" "Kinasema." Mpaka Bwana Pua akawa mtu wa maana, akisoma, "Ncha ya fimbo nyeupe, ya plastiki, ya mviringo, saizi ya kati, zimebaki kumi na nne."

Zikarekebishwa thelathini. Ikabaki moja.

Hiyo moja ilikuwa mwisho kabisa, mtu akishachagua, akishaandika anwani, akishaweka namba yake ya siri. Hapo kinatokea kisanduku chenye picha tisa, eti uthibitishe wewe ni mtu na siyo mashine. Unaambiwa uguse picha zote zenye ngazi. Bwana Pua akifika hapo anasema "Picha" mara tisa, basi. Na pembeni kuna saa inayohesabu kurudi nyuma, dakika tano toka ulipoanza kulipa. Zikiisha, ukurasa unasahau kila kitu, unaanza upya kana kwamba hujawahi kufika.

Fundi wa kompyuta alimpigia siku tatu kabla. Simu ilikuwa imewekwa mezani kwa sauti, nilisikia yote.

"Dada, hilo la picha sina uwezo nalo. Meneja amelinunua kwa watu wengine, anasema linazuia wezi. Nimemweleza mara nne. Anasema hajaona mtu aliyekwama."

"Basi ataniona mimi."

"Ndiyo ninachotaka kukwambia. Siku hiyo usihangaike. Ukifika kwenye picha, kaa. Acha dakika ziishe mbele yake. Akiona kwa macho yake, hana pa kukimbilia."

Asubuhi ya siku yenyewe mjukuu wangu alinikumbusha hayo, akipangusa fimbo yake kwa kitambaa. Ncha ya fimbo ilikuwa imelika upande mmoja hadi chuma kinachungulia, na hiyo ndiyo aliyopanga kuagiza. "Bibi, leo nakwenda kukwama. Nimejiandaa kukwama kuliko nilivyowahi kujiandaa kufaulu. Nikikwama, dirisha halifungwi. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mke mwenzangu. Mimi ni bibi, siyo bubu."

"Basi kaa kimya kama bubu."

Nilimwelewa. Siwezi kusema sikumwelewa.

Chumba cha majaribio kilikuwa ghorofani. Nilimhesabia ngazi, ishirini na mbili, mkono wake juu ya kiwiko changu. Nyuma yetu fundi viatu alipanda gongo moja moja, jasho linamtoka, akatangaza kwa jengo zima, "Wanataka kujua kama tunalifikia duka lao, nao wametupandisha darini!" Mlinzi akacheka, kisha akajifanya kukohoa.

Ndani palikuwa na meza tatu, kompyuta tatu, chupa za maji, na maua ya plastiki yenye vumbi. Meneja alikuwa mtu wa meno mazuri, na aliyajua. Alitukaribisha kwa kutuita wadau, ofisa mwenzake kando yake na fundi wa kompyuta nyuma yao na daftari. Mama Dirisha naye alikuwepo, amekaa ukutani, mkoba juu ya magoti, amekuja kutazama kama kesho ana kazi.

Dada mshonaji alimaliza kwa dakika tatu. Fundi viatu alimaliza kwa nne, akawaambia, "Mimi sikulalamikia vidole, nililalamikia miguu pale ngazini." Zamu ikafika ya mjukuu wangu. Niliruhusiwa kukaa kando yake, kwa sharti la kutogusa kitu. Meneja mwenyewe alinionya kwa kidole, lakini kwa kicheko, kama mtu anayemwonya mtoto kuhusu sukari.

Aliingia dukani kama anaingia jikoni kwake. Bwana Pua akasema, naye akabonyeza. Akaipata ncha. Akaiweka kikapuni. Akaandika anwani bila kosa, akaweka namba ya siri. Nilimwona meneja akimtazama mwenzake na kutikisa kichwa, anapendezwa. Kisha zikatokea zile picha tisa.

"Picha," akasema Bwana Pua. "Picha. Picha. Picha."

Mjukuu wangu akaondoa mikono kwenye kibodi, akaiweka mapajani. Akakaa wima.

Ile saa pembeni ilikuwa nyekundu: moja na nusu. Moja na robo. Kwenye kompyuta ile waliacha kipanya juu ya meza, upande wangu, pengine kwa kusahau, karibu na mkono wangu kama kikombe. Niliona tone la jasho likimshuka mjukuu wangu shingoni, likaingia kwenye ukosi wa blauzi nyeupe niliyoipiga pasi alfajiri. Meneja akatazama saa yake. Akamnong'oneza mwenzake, akifikiri hatusikii, "Masikini, hawezi."

Hawezi. Neno hilo nimelisikia miaka ishirini na tatu. Nimelisikia kwa mwalimu mkuu, kwa mashangazi zake, kwa mwanamume aliyekuja kuposa mara moja na hakurudi. Kila nilipolisikia, mkono wangu ulitoka.

Picha ya kwanza ilikuwa ngazi za mawe mbele ya jengo. Ya tatu, ngazi za chuma ubavuni mwa nyumba. Ya sita, ngazi za kushuka kisimani au wapi sijui. Ya tisa ilionyesha kipande tu, pembeni, lakini mimi mwenye darasa la saba niliiona. Nilizigusa zote nne, tik tik tik tik, nikabonyeza pale chini. Yote hayo hayakuchukua muda wa kupiga chafya.

"Asante," akasema Bwana Pua. "Agizo lako limepokelewa."

Meneja akapiga makofi. Wengine wakafuata. Na mimi, lazima niliseme na hili, nilitabasamu. Nilijisikia kama siku ya kwanza alipotembea bila kushikwa mkono.

Mjukuu wangu hakugeuka. Uso wake ulikuwa umekauka. Alisema taratibu, "Siyo mimi niliyebonyeza."

Makofi yakapungua.

"Siyo mimi. Hizo picha siwezi kuziona, na mashine haizisomi. Nilikuwa nimekwama. Bibi, sema."

Meneja akanigeukia, meno yote nje. "Bibi, uligusa?"

"Kidogo tu," nikasema.

"Kidogo tu!" Alicheka mpaka akashika meza. "Mnamsikia? Bibi yetu huyu, umri huo, kaliweza duka letu kidogo tu! Andika na hilo," akamwambia fundi wa kompyuta. "Hata wazee."

"Mheshimiwa," fundi akasema kwa ile sauti yake ndogo, "jaribio la tatu inabidi lirudiwe."

"Lirudiwe kwa nini? Binti amenunua, mzigo unakwenda." Akainama kwa mjukuu wangu, akasema kwa upole kabisa, upole unaokera kuliko tusi: "Dada yangu, nyumbani si unaye bibi?"

Yeye akasimama, akakunja fimbo yake. "Ninaye," akasema. "Na akifa, nije nimfukue?"

Mama Dirisha alifungua mkoba wake, akatazama ndani, akaufunga tena.

Wakati wa kushuka hakukishika kiwiko changu. Nilianza kumhesabia, moja, mbili, akasema, "Ninazijua. Ishirini na mbili." Nikashuka nyuma yake.

Wiki iliyofuata dirisha lilipigiliwa plaiwudi. Juu yake walibandika taarifa iliyowekwa ndani ya plastiki isilowane, na niliisoma yote nimesimama, neno kwa neno. Watumiaji wote watatu walikamilisha ununuzi. Mtumiaji asiyeona alitumia dakika nne na sekunde arobaini na moja. Duka limethibitika kuwa rahisi hata kwa wazee. Ule ubao wa viwiko waliuacha pale pale chini ya plaiwudi, na kibonde chake.

Ncha ya fimbo ilikuja kwa bahasha. Ndani mlikuwa na kadi ya pongezi yenye maua. Mjukuu wangu aliipapasa ile ncha, akahakikisha ni saizi yake, akaiweka ndani ya droo ya mezani, akasukuma droo. Bado anatembea na ile ya zamani. Chuma kinakwaruza saruji, kra, kra, kra, na mimi namsikia toka anapokata kona ya barabara mpaka mlangoni. Nilimwambia mara moja tu, "Mke mwenzangu, si uichomeke fimboni?" Akasema, "Hiyo ni yako. Wewe ndiye uliyeinunua."

Utani ukakatikia hapo. Siku hizi ananiita Bibi, na shikamoo asubuhi, kama mgeni.

Watu wakaanza kuja kwangu. Alianza mwalimu mstaafu wa nyumba ya tatu, ambaye macho yamemwishia uzeeni. Alisikia kwamba bibi wa hapa anaziweza picha. Alikaa sebuleni, akanyoosha simu yake, akaitaja namba yake ya siri kwa sauti, mtu aliyefundisha nusu ya mtaa huu hesabu. Aliitaja akitazama upande ambao sipo. Nyuma yake wakaja wengine. Mpaka sasa ninazijua namba za siri za watu wanne, na sikuziomba. Wananishukuru sana. Mama Dirisha, aliyehamishiwa stoo, alinikuta sokoni akanishika mkono. "Bibi, mimi sikulaumu. Wewe ulisaidia." Afadhali angenitemea mate.

Mjukuu wangu hakukaa tu. Aliandika barua ya malalamiko, nzuri, iliyonyooka, akanisomea kwa sauti kavu. Ilieleza siku ile ilivyokuwa, mkono wa nani uligusa nini, na ikaomba jaribio lirudiwe. Aliipeleka mwenyewe Bohari. Mlinzi, yule yule aliyejifanya kukohoa, akamwambia, "Dada, karatasi hatupokei tena. Malalamiko yote ni mtandaoni." Alimpigia fundi wa kompyuta, simu ikapokelewa na mtu mwingine, yule kijana alikuwa ameondoka, au ameondolewa.

Basi akafungua ukurasa wa malalamiko. Bwana Pua alimsomea vizuri, maana hata huko yule kijana alikuwa amerekebisha. Jina. Anwani. Eleza lalamiko lako. Akaandika barua yote upya. Akafika mwisho.

"Picha," akasema Bwana Pua. "Picha. Picha."

Nilikuwa nimekaa upande wa pili wa meza. Nilisema kwa adabu, kwa sauti ya kuomba, "Niguse, mjukuu wangu? Mara hii tu, barua ifike."

"Ikifika itasemaje, Bibi?"

"Itasema umekwama."

"Niliyekwama nimeitumaje?"

Nikatazama mikono yangu.

"Wataandika tena. Mtumiaji asiyeona ametuma lalamiko bila tatizo, dakika tatu na ushee. Nikiituma nimesema uongo. Nisipoituma hakuna aliyelalamika." Alicheka, lakini hakikuwa kicheko. "Juzi walisema redioni. Toka dirisha lifungwe, malalamiko kuhusu duka, sifuri."

Sasa ni desturi yake kila Jumamosi, akishakunywa chai. Anakaa mezani, anafungua ule ukurasa, anaandika barua yote toka mwanzo, maana ukurasa haukumbuki. Ameshaikariri, anaiandika kama mtu anayesali. Akifika kwenye picha anaondoa mikono kwenye kibodi. Anataka, anasema, angalau mashine yao iwe inahesabu mahali fulani mtu anayefika mlangoni na kurudi. Sijui kama inahesabu.

Mimi nakaa mbele yake, sababu sina mahali pengine pa kukaa. Jumamosi iliyopita picha zilikuwa zile zile za ngazi, nilizitambua, ya kwanza ya mawe, ya tatu ya chuma. Mikono yangu nimeikalia. Naiweka chini ya mapaja, viganja juu ya mbao za kiti, na ninakaa kwa uzito wangu wote mpaka vidole vinakufa ganzi.

"Zimebaki ngapi?" akauliza.

"Moja na robo."

"Mikono yako iko wapi?"

"Nimeikalia."

Sekunde zikashuka, nyekundu, moja moja, mimi ndiye ninayeziona. Kikombe chake cha chai kilikuwa ukingoni kabisa mwa meza, nusu ya kitako chake kiko hewani. Nilikitazama mpaka saa ikaisha na ukurasa ukawa mweupe.

Alinyoosha mkono, akakikuta alipokiacha.